Viungo vya Mama Ndegwa

Mkwe wangu Wamboi haonji supu. Anakula supu akisema anaonja. Anasimama juu ya sufuria, anachota na mwiko, anamimina kwa kiganja, analamba, anafumba macho kama mtu anayeomba, halafu anasema, "Bado." Anaongeza chumvi kidogo sana, chumvi ya kulisha siafu mmoja, anachota tena, analamba tena. "Bado." Watu wakikaa kula, yeye ameshiba mpaka kooni, na anakuambia hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Watu wanamhurumia. Mimi simhurumii.

Tulianza kuwa wakwe siku msichana wangu Mutheu alipoolewa na kijana wake Ndegwa. Mimi sikumchagua, na yeye hakunichagua, na kila mmoja wetu amehakikisha mwenzake anajua hivyo.

Lakini nimpe haki yake. Wamboi alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa Ruiru, wakati Ruiru ilikuwa bado kahawa na si maploti ya nyumba za kupanga. Alichuma kahawa na Ndegwa akiwa mgongoni. Mume alipokufa hakukaa kulia. Aliweka kibanda kule Eneo la Viwanda Thika, nje ya geti la kiwanda kimoja cha nguo, akaanza kuuza supu ya mifupa. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanapanga foleni kabla moto haujashika vizuri. Mkubwa mmoja wa kiwanda, mtu wa tai, alikuwa akituma kikombe chake cha udongo kijazwe, na kikirudi bila asante Wamboi siku inayofuata alikuwa anakijaza nusu tu. Hakuna aliyewahi kujua anatia nini ndani ya ile supu. Hata mimi niliyempa mtoto wangu hakuniambia. Nikiingia jikoni anafunika.

Kusimama juu ya moto miaka hiyo yote kulimaliza magoti yake. Alifunga kibanda akaja kukaa na Ndegwa na Mutheu kule Mwihoko, kwenye ploti, ghorofa ya tatu. Alikuwa anapanda zile ngazi na fimbo, akipumzika kila mahali pa kugeukia, akiwasalimia wapangaji wote kwa majina ili waone hapumziki, anasalimia.

Mimi nakaa mashariki ya Thika, njia ya Garissa, kwa shamba langu la mahindi na mapapai. Kila wiki nilikuwa nakuja Mwihoko kuangalia mtoto wangu analishwa nini.

"Mama Mutheu, umekuja tena," Wamboi anasema kwa ile sauti ya asali.

"Nimekuja tena, Mama Ndegwa. Naona bado mnaponda kila kitu mpaka meno yasahau kazi."

"Heri kuponda. Nyinyi Wakamba mnachemsha mahindi na maharagwe, mnayaacha hivyo hivyo, mnaita chakula."

"Ni chakula. Ndiyo maana unaona tumesimama bila fimbo."

Ndivyo tulivyokuwa tunaamkiana.

Sasa, Mutheu. Mutheu wangu alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipokaa, wakampima wakakuta ana sukari pia. Pale kliniki walimweka na wale wa kuangaliwa sana. Walisema mama akiwa na sukari moyo wa mtoto unaweza kutengenezwa vibaya, kwa hivyo skani ya kawaida haitoshi, lazima aende kwa mtu wa kuangalia moyo peke yake. Huyo mtu ni Daktari Nelima, msichana wa Bungoma mwenye vidole vyembamba, ana chumba chake Thika juu ya duka la mbolea.

Mara ya kwanza tulienda wote watatu. Nelima alimpaka Mutheu ile jeli baridi, akaweka kile kichwa cha mashine tumboni, akatafuta, akapata. Nikaona kitu kidogo kama punje ya harage kinapiga, kinapiga, kinapiga. Alituonyesha vyumba vinne vya moyo, na milango inavyofunguka na kufungwa.

"Vyumba vinne!" Wamboi akasema. "Hata Ndegwa hajafika hapo."

Hata daktari alicheka. Moyo ulikuwa mzima. Lakini alisema turudi mimba ikikua, kwa sababu moyo mzima leo si lazima uwe mzima kesho, hasa na sukari. Tukashuka, Wamboi akishuka na makalio, ngazi kwa ngazi, akisema anafanya hivyo ili asichafue mkono kwa ukuta.

Mimba ilipozidi kukua, mgongo wa Mutheu ukaanza kumuuma. Uliuma mpaka alikuwa anafua akiwa amekaa chini. Na huyu mtoto wangu hangemeza dawa yoyote. Hata ya kichwa hakumeza. Alikuwa ananiambia, "Mwaitu, mama yangu, nimepoteza wawili, sitaweka kitu mdomoni ambacho daktari hajataja." Basi Wamboi akafufua sufuria ya kibanda. Supu ya miguu ya ng'ombe kila siku, bakuli asubuhi, bakuli jioni.

Nitasema ukweli ingawa unaniuma: mgongo uliacha. Mutheu akaanza kutembea vizuri, akaanza kuimba akipiga pasi. Akaisifu ile supu mpaka nikachoka. Nilionja kijiko kimoja. Ilikuwa na kauchungu fulani chini, kama chaki.

"Mama Ndegwa, supu yako ina uchungu."

"Ni ulimi wako una uchungu, Mama Mutheu. Ulizaliwa nao."

Halafu likatokea jambo kubwa zaidi. Magoti ya Wamboi yakapona. Siku moja nilimkuta kwa ngazi amebeba mtungi wa maji, anapanda bila kusalimia mtu yeyote. Fimbo haikuwepo.

"Fimbo iko wapi?"

"Iko kanisani," akasema, na akanipita.

Kumbe Jumapili alikuwa amesimama kutoa ushuhuda. Alisema aliomba, akafunga, na Bwana akamgusa magoti usingizini. Akatembea mbele ya watu wote mpaka madhabahuni, akaruka mara moja, akaruka tena, akaweka fimbo chini. Mchungaji Bedan akaiinua juu, kanisa likapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Fimbo ikawekwa pale pembeni ya mimbari, imefungwa utepe mweupe, iwe kumbukumbu. Kuanzia siku hiyo Wamboi hakuwa mtu wa kawaida. Wanawake wa Mwihoko walikuja kushika magoti yake. Nilimkuta jikoni mama mmoja amepiga magoti, ameshika magoti ya mwenzake, na Wamboi ameinua macho kwenye dari na mwiko mkononi.

"Onja basi, supu itaungua," nikamwambia.

Alionja. Alionja sana.

Siku ya kurudi kwa Nelima ikafika. Ndegwa alikuwa kazini, tukaenda sisi wanawake. Mutheu alipanda polepole na tumbo lake, mimi nikimshika kiuno, na Wamboi mbele yetu, anapanda kama mbuzi aliyeona mahindi. Alifika juu akatungoja ameshika nyonga.

"Mnachelewesha daktari," akasema.

Mutheu akalala kitandani. Jeli. Mashine. Harage letu sasa lilikuwa kubwa, lina mbavu, lina pua. Wamboi akasema pua ni ya kwao. Nikasema pua kama hiyo afadhali iwe ya kwao. Tulikuwa bado tunabishana hapo nilipoona Nelima amenyamaza.

Mtu wa mashine akinyamaza unajua. Alibonyeza, akaweka rangi, damu ikaonekana nyekundu na buluu. Alibonyeza tena, mashine ikatoa sauti, si ile ya kwanza ya du-du-du, ni sauti nyembamba ya kukwaruza, kama maji yakipita kwa mpira uliokanyagwa. Akarudia mahali hapo. Akarudia tena. Mutheu akanishika kidole, akakikunja.

"Daktari, sema," Mutheu akasema.

Nelima alifuta mkono, akavuta kiti karibu. "Mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake yamelala. Kwa hivyo damu nyingi ikitoka upande wa kulia wa moyo haipiti kwa mapafu. Kuna kanjia kadogo ambako inapitia kwenda mwilini. Mtoto akizaliwa, akalia, akavuta hewa, kale kanjia kanajifunga kenyewe, kazi imeisha. Kwa huyu wako kameanza kujifunga sasa, na bado yuko ndani. Upande wa kulia unasukuma mlango uliofungwa nusu. Unachoka. Umeanza kutanuka."

"Kakijifunga kabisa?"

"Kakijifunga kabisa kabla ya wakati, moyo unaweza kushindwa."

Chini dukani mtu alikuwa anabishana juu ya mbolea.

"Ni sukari yangu?" Mutheu akauliza. "Niambie tu kama ni mimi."

"Sukari haileti hivi. Hivi mara nyingi huletwa na dawa za maumivu. Brufen, diklofenaki, zile tembe za mgongo za kemisti. Umemeza?"

"Mimi? Daktari, hata panadol naiogopa."

"Sindano ya mgongo? Kuna mafuta unajipaka?"

"Hakuna."

"Miti shamba? Chai ya majani fulani?"

"Hakuna."

"Kwa chakula je? Mnaweka nini kwa chakula?"

"Viungo tu," Mutheu akasema.

"Viungo tu," Wamboi akarudia, kichwa juu. "Kwangu hakuna dawa, daktari. Mimi na dawa hatusalimiani."

Nelima akaitikia kwa kichwa, akaanza kuuliza juu ya mambo mengine, homa, na nyumba ilipakwa rangi lini. Nikamwona anatafuta gizani. Na mimi nilikuwa na hofu. Watu wengine wakiwa na hofu wanalia. Mimi nikiwa na hofu mdomo unaniwasha, na lazima niukwaruze kwa mtu. Nikamtazama Wamboi amesimama pale kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma kama korongo, kujionyesha tu. Nikasema:

"Daktari, kama unatafuta dawa ya maumivu, muulize huyu magoti yake yamekunywa nini."

"Mama Mutheu!" Wamboi akaruka. "Hata hapa? Hata mtoto akiwa hivi unaonea wivu magoti yangu?"

"Nayaonea wivu. Yamepanda ngazi kuliko yangu."

"Ni Mungu aliyaponya!"

"Sijasema si Mungu. Nimesema ulizwe."

Nilitaka tu kumchokoza, sikuwa nimefikiria mbele zaidi ya hapo. Lakini Nelima aliweka kalamu chini.

"Shosho," akamwita Wamboi, kama mtu anavyomwita bibi yake, "magoti yalikuwa na shida gani?"

Basi usimwulize Wamboi ushuhuda. Alianza na kahawa ya Ruiru, akapitia kibanda, akafika kwa fimbo na utepe. Nelima akamwacha amalize, halafu akauliza polepole, "Yalipona lini?"

"Ile wiki nilianza kumpikia huyu supu. Nilipokuwa natumikia mwenzangu, Bwana akanitumikia mimi."

"Na wewe Mutheu, mgongo uliacha lini?"

Mutheu akainuka kwa kiwiko, jeli ikitiririka. "Wiki hiyo hiyo."

"Na wewe shosho unakunywa hiyo supu?"

"Mimi? Hata kidogo. Ni ya mgonjwa. Mimi naonja tu."

Hapo nilicheka, nikashindwa. Nikamwonyesha daktari kwa kiganja changu jinsi anavyoonja: nikachota, nikamimina, nikalamba, bado. Nikachota, nikamimina, nikalamba, bado. Mutheu akasema, "Ni kweli, daktari. Anaonja karibu nusu sufuria."

"Shosho," Nelima akasema, "hivyo viungo ni gani?"

Wamboi akafunga mdomo. Miaka yote hiyo hakuna mtu alikuwa amepata siri ya ile supu, na sasa anaulizwa mbele yangu mimi. Alinitazama, akamtazama Mutheu, akatazama ile mashine ambapo harage letu lilikuwa limesimamishwa kama picha. Akasema kwa sauti ya chini:

"Zamani ilikuwa tangawizi, kitunguu saumu, na majani ya limau. Sasa nimeongeza unga wa viungo."

"Wa pilau?"

"Wa viungo. Ndivyo yule kijana wa gari la spika alikuwa anaita pale sokoni Ruiru. 'Unga wa viungo, mama, unga wa viungo! Kijiko kimoja kwa supu, kijiko kimoja kwa uji!' Mimi nikasema, mtu anajua supu huyu."

Kiswahili ni lugha ya ajabu. Hapo ndipo kilinipiga kichwani, pwa.

"Mama Ndegwa," nikasema, "viungo vya kutia kwa chakula, ama viungo vya magoti?"

Alikumbatia kibeti chake.

"Unao hapo?" Nelima akauliza.

Alikuwa nao. Alikuwa anautembeza kwa kibeti chake, umefungwa kwa kitambaa cha kichwa, kwa sababu anajua mimi nikifika jikoni nafungua kila kopo. Akaufungua. Kilikuwa kipakiti cha plastiki, unga wa kahawia, na juu yake picha ya mguu uliochorwa mifupa, na pale kwa goti mwali mwekundu kama moto.

"Niliona mguu na mfupa," Wamboi akasema. "Nikajua ni ya supu ya miguu."

Nilikishika nikakitazama vizuri. Mimi si msomaji sana, lakini macho ninayo.

"Mama Ndegwa. Ng'ombe gani huvaa raba?"

Mguu ule ulikuwa na kiatu cha kukimbilia, na kamba zimefungwa.

Mutheu ndiye alicheka kwanza. Alicheka akiwa amelala, tumbo likatetemeka, halafu kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na hakuweza kukizuia. Wamboi akakaa kwenye stuli ya daktari bila kuombwa. Nilingoja aseme ni Mungu. Nilingoja aseme ni yule kijana wa spika, au ni mimi kwa mdomo wangu. Hakusema. Alitazama kile kiganja chake.

"Ni mkono huu," akasema. "Mutheu, mtoto wangu, ni mkono huu uliokuwa unakupakulia."

Mutheu alinyoosha mkono, akamshika nguo.

Nelima alinusa ule unga, akasema pua haiwezi kumwambia kitu, lakini amesikia habari za dawa kama hizi za barabarani, watu wanasaga tembe za kemisti za maumivu wanachanganya na mizizi. "Sitaapa kwamba ndiyo hii," akasema. "Lakini ikiwa ndiyo, tukiiacha leo, kale kanjia kanaweza kufunguka. Ikiwa siyo, basi sijui ni nini, na hapo ndipo nitaogopa." Akachukua kile kipakiti apeleke kipimwe. Akamwambia Mutheu asitie mdomoni kitu kisicho na jina, ahesabu mtoto anavyocheza, akiona ametulia sana aje mbio hata kama ni katikati ya ibada, na arudi baada ya siku chache aangaliwe tena.

Tulishuka. Wamboi alishuka mbio, na nikaona anachukia ile mbio yake mwenyewe.

Hakutaka kwenda nyumbani. Mutheu tulimkabidhi Ndegwa aliyetoka kazini kuja kumchukua, na sisi wawili tukateremkia sokoni Ruiru. Lile gari lilikuwa pale pale, spika inapiga kelele, na kijana mwembamba mwenye kofia amesimama mlangoni na vipakiti.

"Wewe," Wamboi akamwita. Ilikuwa ile sauti ya kibanda, ya kuita foleni. Watu wote wakageuka. "Uliniuzia viungo."

"Ndiyo shosho, viungo. Vimekusaidia?"

"Viungo gani?"

"Si viungo tu, shosho! Magoti, mgongo, bega..."

"Mbona hukusema magoti? Mimi nimetia kwa supu ya mwanamke mja mzito!"

Watu wakaanza kusogea. Kijana akashusha sauti ya spika. "Lakini shosho, nilisema viungo."

"Umetia nini ndani?" mimi nikauliza.

"Miti tu, susu," akasema, akiniita bibi kwa Kikamba baada ya kusikia lafudhi yangu. "Miti ya asili. Haina madhara hata kwa mtoto."

"Vizuri. Kula kijiko."

"Eeh?"

"Hapa mbele yetu. Kijiko kimoja. Kama ni miti tu."

Alicheka, akatazama huku na huku. "Susu, mimi siwezi. Nina vidonda vya tumbo. Inanichoma."

"Miti inakuchoma?"

Mama mmoja muuza ndizi akasema kwa sauti, "Diklo ndiyo huchoma hivyo! Mimi ilinilaza hospitali!" Basi hapo hatukuhitaji kusema tena. Soko lilisema lenyewe. Tulipoondoka gari lilikuwa linatafuta njia ya kutoka, spika imezimwa, na Wamboi ameshika nambari yake kichwani ili ampe Nelima, anairudia njia yote kama aya ya kukariri.

Zile siku za kungoja sijui nizielezeje. Nilihamia Mwihoko na mkeka wangu. Mutheu alikaa na mkono tumboni, midomo inahesabu. Wamboi hakugusa sufuria. Mimi ndiye nilipika, mahindi na maharagwe, na aliyala bila neno, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kitu chochote.

Halafu asubuhi moja nikasikia kishindo kwa ngazi, na mtu akilia "woi, woi." Nikatoka mbio. Wamboi alikuwa ameketi pale pa kugeukia na ndoo ya maji imemwagika yote, ameshika magoti yote mawili, machozi yanatiririka.

"Umeanguka?"

"Yanauma," akasema. "Mama Mutheu, yanauma! Yanauma kama zamani! Asante Yesu, yanauma!"

Sijawahi kuona mtu akisifu Mungu kwa uchungu namna ile. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kama ule unga umetoka kwa magoti yake, labda umetoka pia kule ndani kwa mtoto. Nilikaa hapo kwa maji karibu naye.

"Hebu jaribu kukunja," nikasema.

Akakunja. "Wooooi!"

"Na hili lingine?"

"Ngai! Mbaya zaidi!"

"Mungu ni mwema," nikasema.

Wapangaji walidhani tumeingiwa na pepo.

Jumapili akaenda kanisani. Ndegwa alimwambia akae nyumbani, atapona, watu watasahau. Lakini Wamboi ana kichwa kigumu, hapo tunafanana, ingawa sitasema mbele yake. Wakati wa ushuhuda alisimama akachechemea mpaka mbele. Mchungaji Bedan alifurahi akampa maikrofoni.

"Nimekuja kuchukua fimbo yangu," Wamboi akasema.

Mchungaji akacheka kidogo, akidhani ni mfano.

"Mungu hakuponya magoti," akasema. "Ilikuwa dawa, na sikujua nainywa, na nilimnywesha mkaza mwana wangu, na moyo wa mtoto wake uko hatarini. Nyinyi mlioshika magoti haya mniombee huyo mtoto. Na mtu yeyote aliyenunua unga wa viungo kwa gari la spika aumwage." Akafungua ule utepe mweupe na meno, akaegemea fimbo yake, akarudi kwa kiti polepole. Halafu kutoka nyuma wakainuka wamama kadhaa, mmoja mmoja, wakatoka nje mbio. Walikuwa wanaenda kumwaga.

Tukarudi kwa Nelima. Zile ngazi Wamboi alizipanda kwa muda mrefu, akiwasalimia watu ambao hawakuwepo. Ndegwa pia alikuja safari hii, akasimama kwa mlango akitafuna ukucha.

Jeli. Mashine. Na mtoto akakataa. Alikuwa amegeuka, ametupa mgongo, amekunja mkono kifuani kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni. Nelima alisukuma kushoto, akasukuma kulia. Mbavu tu. Uti wa mgongo tu. Alimtuma Mutheu akatembee, anywe maji baridi, arudi alalie ubavu. Mutheu akatembea, akanywa, akalalia ubavu. Mtoto akabaki vile vile. Mutheu alikuwa ameanza kutoka jasho juu ya mdomo, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Huyu mtoto ni mkaidi," Nelima akasema. "Ametoa wapi ukaidi huu?"

"Kwa huyu," mimi na Wamboi tukasema pamoja, kila mmoja akimnyooshea kidole mwenzake.

Mutheu akacheka. Alicheka kutoka tumboni, kitanda kikatikisika, na ndani kule mtoto akashtuka, akaachia mkono, akageuka.

"Usiache!" daktari akasema. "Hapo hapo. Sasa tulia."

Rangi ikaja. Nyekundu, buluu. Mashine ikatoa sauti, na hata mimi nisiyejua kitu nikajua, kwa sababu mpira haukuwa umekanyagwa tena. Maji yalikuwa yanapita. Nelima alisikiliza muda mrefu, akapima, akapima upande wa kulia, akarudi akasikiliza tena. Bega lake likashuka.

"Kamefunguka," akasema. "Upande wa kulia bado umechoka kidogo, na nitamwangalia mpaka azaliwe, na atazaliwa hospitali, msinieleze mambo ya nyumbani. Lakini njia iko wazi."

Ndegwa aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni. Mutheu alifunika uso na shuka. Na Wamboi alisogea na fimbo yake, polepole, mpaka akafika karibu na kioo cha mashine, akasimama hapo anatazama ile damu nyekundu ikipita, ikipita, ikipita.

"Iko sawa?" akaniuliza bila kugeuka.

"Umesikia daktari."

"Nimesikia. Nakuuliza wewe."

Nikatazama vizuri, nikachukua wakati wangu.

"Iko sawa, Mama Ndegwa," nikasema. "Haihitaji kuongezwa kitu."